Mpimeni Mtoto Sukari

Msikilizaji, kuna watoto wanaofikishwa zahanati wakiwa wanatapika, wanahema kwa nguvu na wamelegea. Hupimwa malaria, hutibiwa nimonia, kisha hurudishwa nyumbani. Wengine hufa bila mtu yeyote kuwapima sukari.

Ugonjwa wao, kisukari cha aina ya kwanza, hauletwi na peremende, wala si kosa la mama. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ikikosekana, sukari hujaa kwenye damu lakini mwili hauwezi kuitumia. Mwili huanza kuyeyusha mafuta yake, na damu hujaa asidi. Kule kuhema ni juhudi za mwili kuipunguza asidi hiyo.

Dawa ipo. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini na uhai wake ukaokolewa. Mabingwa nao wapo, ingawa ni wachache. Tangu 2008, Nairobi imekuwa na kituo kinachowafundisha madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika ubingwa wa homoni na kisukari. Wengi wamerudi kwao kufungua kliniki na kufundisha wenzao.

Lakini bingwa aliyeko hospitali kubwa hawezi kumtibu mtoto ambaye ugonjwa wake haujatambuliwa kijijini. Ubingwa wake utatufaa pale tu muuguzi wa zahanati atakapokuwa na kipimo cha sukari, vijiti vya kupimia visivyokosekana, na namba ya kumpigia bingwa usiku wa manane. Tone moja la damu ya kidoleni hutoa jibu kwa muda usiofika dakika moja.

Kwa hiyo naziomba wizara za afya ziweke vijiti hivyo kwenye orodha ya vifaa vya lazima, sambamba na kipimo cha malaria. Walimu, mtoto mwenye kisukari aruhusiwe kunywa maji, kwenda msalani na kudunga sindano yake bila kuaibishwa. Nawe mzazi, mwanao akiwa na kiu isiyoisha, akikojoa mara kwa mara, akianza tena kukojoa kitandani au akikonda ghafla, mpeleke kituo cha afya leo hii. Ukifika, usione haya kusema: mpimeni sukari. Ni haki yake.