Kuitafuta Ndege ya Mfano Iliyopotea



Wako watu wazima, wala si watoto, watumiao miezi mingi kuunda ndege ndogo ya mfano isiyoongozwa na mtu iwapo angani. Panga lake huzungushwa na mpira uliosokotwa. Ndege za namna hii hushindania Kombe la Wakefield, lililoanza kushindaniwa mwaka 1928. Ndege ikishikwa na hewa ya joto ipandayo juu, huweza kutoweka machoni na kuangukia mbali sana, katikati ya mahindi.

Dawa yake ni kidude cha redio chenye betri yake, nacho kiwe chepesi mno, kwani kila gramu ni mzigo. Kitoe mlio mfupi, kinyamaze, kilie tena. Kikilia mfululizo betri haitadumu. Kwa mawimbi ya megahezi 433, waya wa kurushia ishara huwa wa sentimita 17 hivi. Lakini kwanza ulizeni serikalini ni mawimbi gani yaliyoruhusiwa, maana hata hewa ina wenyewe.

Kuunda si kugumu. Kutafuta ndiko kugumu. Mtafutaji na akikumbatie kifuani chombo cha kupokelea, ageuke polepole. Mlio unapofifia kabisa, ndege iko nyuma ya mgongo wake, kwa kuwa mwili huzuia mawimbi. Basi ageuke, aende hatua mia, asikilize tena. Akikaribia sana, mlio utavuma sawasawa pande zote. Hapo auondoe waya wa chombo chake, ndipo tofauti itakaposikika.