Dini Katika Jamii: Yaleta Faida au Hasara? Hotuba Iliyosomwa Katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeombwa tuseme machache juu ya swali lililozua ubishi katika halmashauri: je, dini yawaletea wanadamu faida zaidi au hasara zaidi? Sisi makarani tumezoea kuandika mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili. Lakini hesabu hii ni ngumu, kwa kuwa mkono ule ule huandika pande zote mbili.

Tutazame pwani yetu. Katika miaka ya 1880 watumwa waliowatoroka mabwana zao walikimbilia misheni ya Rabai. Padre William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa utotoni na kusomeshwa India, aliwapokea, ijapokuwa wakubwa wa misheni walikuwa wamekataza. Mabwana wakadai mali yao. Nao pia walikuwa watu wa ibada, na dini yao yahesabu kumwacha mtumwa huru kuwa thawabu. Mwisho ikalipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,000 wakapata vyeti vya uhuru. Basi dini ilikuwa upande gani? Twaona ilikuwa pande zote. Ila Padre yule hakuyafanya maneno ya wakubwa wake kuwa maneno ya Mungu.

Katika Kilifi hiyo hiyo, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 msituni Shakahola. Watu walifundishwa wafunge hata kufa ili wakutane na Yesu. Wengine waliacha kazi, wakawatoa watoto shuleni. Na watoto wengi wamo makaburini. Wapo wasemao kwamba hiyo haikuwa dini. Jibu hilo ni jepesi mno. Waliokwenda kule walikwenda kwa jina la Mungu. Kilichowapoteza si sala, bali ni mwalimu asiyeulizwa. Mweka hazina wetu twampenda, na bado kila mwaka twakagua vitabu vyake (mwaka jana alinuna kidogo, lakini alivileta).

Wala tusiwacheke wengine. Juzi alifariki mwenzetu mmoja mwenye ndugu wawili wa dini mbili. Huyu ataka asaliwe kanisani, yule ataka azikwe kabla jua halijatua. Tulisimama uani na majembe yetu, maiti imelala ndani, watoto wake wakisikia kila neno. Marehemu hakuacha wasia. Sanduku la chama lililipa gharama zote, lakini ndugu wale hawasemezani hata leo.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali kila mwanachama aandike mwenyewe, angali hai, jinsi atakavyozikwa na nani asimamie sala. Na mhubiri yeyote ajaye kutaka michango kwetu, afike kwanza mbele ya wazee aulizwe. Kitabu kipo mezani. Halmashauri imekwisha kutia sahihi ukurasa wa kwanza.