Daraja Lijengwe kwa Siku ya Mvua

Hotuba ya mhandisi wa barabara katika kikao cha kupokea maoni ya wananchi kuhusu ujenzi upya wa madaraja ya mashambani na njia za kwenda sehemu za mapumziko, Garissa

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu kujenga upya madaraja na vivuko vya mashambani, ili watu wetu pamoja na wageni wafike kwa urahisi kwenye sehemu za mapumziko: ukingo wa mto Tana, hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, na hifadhi nyingine za kaunti yetu. Nitasema machache, kisha tuwasikilize ninyi, kwa sababu kikao hiki ni chenu.

Najua wengi mmekuja na swali moja. Kwa nini tujenge daraja la kwenda kutazama twiga, na kuna vijiji ambavyo mvua ikinyesha mama mjamzito hawezi kufika hospitalini? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kaunti haina pesa za kujenga madaraja mawili, moja la mgeni na jingine la mwenyeji. Daraja ambalo ni la mgeni peke yake, mimi siwezi kulipigia debe. Lakini njia inayompeleka mgeni kwa twiga ndiyo hiyo hiyo inayoleta maziwa sokoni, inayotoa maembe na matikiti kwenye mashamba ya mtoni, na inayompeleka mtoto shule. Mgeni atakuja siku ya jua. Mwenyeji anapita siku ya jua na siku ya mvua. Kwa hivyo tulipime kila daraja kwa siku ya mvua. Likimfaa mwenyeji siku hiyo, mgeni atalikuta tayari.

Tuliyoyaona Mororo na Madogo

Hakuna aliyesahau Novemba 2023, mvua za El Niño zilipotufungia barabara ya Nairobi, wala Aprili 2024, mto ulipofurika tena. Nataka mkumbuke jambo moja ambalo wahandisi hulitazama sana. Daraja kubwa la Tana hapa mjini lilibaki limesimama. Kilichozama ni barabara iliyo ng'ambo yake, Mororo na Madogo, na mbele zaidi kule Tula. Mwezi huo wa Aprili basi lilisombwa na maji Tula, na abiria 51 wakaokolewa. Kabla mwezi haujaisha, boti iliyokuwa ikivusha watu ilizama Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, wengine tukawazika. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Watu wale hawakupanda boti kwa kupenda. Walipanda kwa sababu daraja lilikuwepo lakini halikufikika. Daraja ni pamoja na tuta la barabara linaloingia na linalotoka, na njia ya maji yanayopita kando mto unapojaa. Ukijenga nguzo imara katikati ya mto na kuacha tuta la udongo mtupu pande zote mbili, umejenga kisiwa.

Somo la Ewaso Ng'iro

Jirani zetu wa Samburu na Isiolo wamepitia jambo linalofanana kabisa na hili letu. Mto Ewaso Ng'iro hupita kati ya hifadhi mbili, Samburu upande wa kaskazini na Buffalo Springs upande wa kusini, kisha huteremka mpaka kinamasi cha Lorian, upande wetu huku. Tarehe 4 Machi 2010 mto huo ulifurika ghafla na kuzoa kambi za wageni zilizokuwa ukingoni, pamoja na kituo cha watafiti wa ndovu. Daraja lililounganisha hifadhi hizo mbili nalo lilivunjwa na mafuriko, na kwa muda mrefu, hadi lilipojengwa upya, gari lililotaka kuona pande zote mbili lililazimika kutoka nje na kuzunguka kupitia Archer's Post.

Nimechagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, wanyama hawakuhama. Tembo na twiga walibaki pale pale, lakini njia ya kuwafikia ilirefuka, na safari ikirefuka mgeni hupunguza siku za kukaa. Anayepoteza hapo ni mwongozaji, mpishi, na mama anayeuza shanga langoni. Pili, daraja lile liko kati ya kaunti mbili. Sisi na wenzetu wa Tana River tumetenganishwa na mto mmoja. Upande wetu kuna Hifadhi ya Rahole, iliyotangazwa mwaka 1976. Ng'ambo yake kuna Kora, alikoishi George Adamson na simba wake hadi alipouawa Agosti 1989. Maeneo hayo mawili yanatazamana, lakini vivuko vya kuyaunganisha ni vichache mno. Kivuko cha Tana hakiwezi kuwa cha kaunti moja. Lazima tukae meza moja na majirani.

Kwa nini madaraja yetu huanguka

Mara nyingi watu husema kontrakta aliiba saruji. Huenda wakati mwingine ni kweli, na hilo lina sheria yake. Lakini zipo sababu nne nyingine, na mwananchi anaweza kuziona kwa macho.

Ya kwanza ni maji kuchimba msingi. Mto ukijaa, maji huzunguka nguzo kwa kasi na kuondoa mchanga ulio chini yake. Juu daraja linaonekana zima, chini linaning'inia. Wanaochota mchanga wa ujenzi karibu na daraja wanaisaidia kazi hiyo ya maji. Ukiona malori yanapakia mchanga chini ya daraja, mwambie chifu siku hiyo hiyo.

Ya pili ni takataka na mathenge. Mti huu umejaa kwenye laga zetu. Mafuriko huleta matawi na magogo, yanakwama kwenye kalvati, maji yanakosa pa kupita na kuvunja barabara kando. Kusafisha kalvati kabla ya mvua za Machi na za Oktoba ni kazi ya vijana kwa siku chache. Kujenga upya ni kazi ya mamilioni. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ya tatu ni mto wenyewe kuhama. Tana hupita kwenye udongo laini, na kila mafuriko makubwa hukata ukingo mahali na kuacha mchanga mahali pengine. Wazee wanajua mto ulipita wapi walipokuwa vijana. Kabla mhandisi hajachora, ni lazima akae na wazee hao. Ramani haitamwonyesha yale wanayoyakumbuka wao.

Ya nne ni kujenga kisichofaa mahali pake. Si kila laga inahitaji daraja refu. Laga inayojaa siku chache kwa mwaka yaweza kutoshwa na kivuko cha zege kilicholala chini, chenye matundu ya maji na nguzo za alama pembeni zinazoonyesha kina. Lakini palipo na shule au zahanati upande wa pili, siku hizo chache ndizo zinazoua, na hapo daraja la juu ni lazima. Ninyi ndio mtakaotuambia wapi ni wapi.

Mifugo, twiga na malka

Bour-Algi haiko mbali, ni kilomita chache tu kusini mwa mji. Twiga wake ni wale wenye ngozi iliyochorwa kama wavu, ambao tangu 2018 wamewekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini duniani. Kwa mwanafunzi wa Garissa, hawa ni twiga wa nyumbani, anaoweza kuwaona bila kulipa safari ya mbali. Hilo ndilo ninalolitaka kwanza: Jumamosi yenye familia za hapa, kabla hatujahesabu wageni wa Nairobi.

Lakini twiga hunywa Tana, na ngamia na ng'ombe pia. Njia zao za kushukia mtoni, malka, zilikuwepo kabla ya barabara zote. Tukijenga tuta la barabara juu ya malka, au watu wakajipimia mashamba kando ya daraja jipya mpaka malka ikafungwa, tutakuwa tumeleta ugomvi kati ya mkulima na mfugaji, na kati ya wote wawili na mnyama. Kwa hivyo kila mchoro wa daraja uonyeshe malka iko wapi, na uwe na mteremko wa mifugo ulio mbali na njia ya magari. Mchoro usioonyesha malka, ukataeni. Mna haki hiyo.

Neno moja la usalama kwa wanaokwenda kupumzika mtoni. Maji ya Tana hayategemei mvua ya Garissa pekee. Yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, na hupitia mabwawa matano, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981. Mabwawa yakijaa, maji hufurika kuja kwetu hata kama hapa jua linawaka. Tangazo la tahadhari likitoka, ondokeni ukingoni. Na dereva, usijaribu maji yanayokwenda kasi. Kina cha kufika magotini tu chaweza kuliondoa gari barabarani.

Mahali pa kusema na wakati wa kusema

Barabara zimegawanywa. Barabara kuu kama ya Nairobi ni ya serikali ya kitaifa kupitia KeNHA. Barabara za kaunti na utalii wa hapa nyumbani ni jukumu la kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Ukijua daraja ni la nani, malalamiko yako hayatazungushwa ofisi hadi ofisi.

Pesa nazo zina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha ni kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni kabla ya 30 Aprili. Daraja ambalo halikutajwa Septemba ni vigumu kulipata Aprili. Na bajeti ikija, msiulize bei ya kujenga tu. Ulizeni pia: pesa za kulitunza ziko wapi? Daraja lisilo na fungu la matengenezo ni zawadi kwa mafuriko yajayo.

Kwa leo naomba mtuandikie mambo matatu kwenye fomu mlizopewa. Taja kivuko kinachokukata mvua ikinyesha. Taja kilicho ng'ambo yake: shule, zahanati, soko, malisho, au sehemu ya mapumziko. Na taja maji yalifika wapi Novemba 2023 na Aprili 2024, kwenye mti gani au ukuta gani. Asiyeandika, aseme kwa karani, kwa Kiswahili au Kisomali. Alama hizo za maji ndizo zitakazotuambia tuta liinuliwe kiasi gani.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tuhakikishe mwenyeji anapona. Mwenyezi Mungu atupe mvua ya kheri. Sasa kipaza sauti ni chenu. Tuanze na kina mama walio nyuma.