Homa Sio Malaria Tu

(Mazungumzo ya wahudumu wa afya wa parokia katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Wengi wenu mnauguza nyumbani watu wenye virusi vya UKIMWI. Mgonjwa akishikwa na homa tunasema, "Ni malaria tu," tunanunua vidonge dukani, tunangoja. Hata sisi tumefanya hivyo. Dada mmoja tuliyemtembelea alikuwa na homa siku nne. Hakuharisha, hakukohoa. Nauli ilipopatikana alipelekwa hospitali, akatolewa damu. Majibu yalipofika kwamba ni bakteria, tulikuwa tumeshamzika.

Bakteria hao ni salmonela. Sio wale wa homa ya matumbo, bali ndugu zao. Hupatikana katika chakula na maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Mtu mwenye nguvu huharisha siku chache, akapona. Mbona basi wanamuua mgonjwa wetu?

Fikirini boma. Fisi hupita kila usiku na mbuzi wako salama. Siku ua likibomoka, fisi yule yule anawamaliza. Virusi vya UKIMWI hubomoa ua, yaani zile chembe nyeupe zinazolinda mwili. Hapo salmonela hutoka tumboni na kuingia kwenye damu. Watoto wenye utapiamlo nao wako hatarini.

Jambo hili sio geni. Mwaka 1990 madaktari waliochunguza wagonjwa waliolazwa Nairobi walieleza kwamba salmonela na bakteria wa nimonia ndio waliopatikana zaidi katika damu ya wenye virusi.

Sasa tufanye nini?

1. Homa ikianza, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo. Akipimwa malaria isipatikane, msirudi nyumbani. Mwambieni daktari hali yake, mumwulize kuhusu bakteria kwenye damu.

2. Ameze ARV kila siku. Hizo ndizo zinazojenga ua upya. Akiandikiwa Septrin ya kinga, asiiache kwa kuwa anajisikia vizuri.

3. Maji yachemshwe, nyama na mayai viive kabisa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

4. Kila kikundi kiwe na mfuko wa nauli. Hata shilingi 20 kwa kila mkutano zinatosha kuanza.

Dada yetu alikosa nauli siku nne, na sisi majirani tulikuwepo. Kabla hamjaondoka leo, chagueni mtunza mfuko.