Mti wa Hatari Karibu na Nyumba

Leo tuzungumze juu ya mti ulio karibu na nyumba.

Kabla ya mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, zunguka boma ukitazama miti. Mti wa hatari una dalili: uyoga umeota shinani, shina lina ufa, matawi makubwa yamekauka, au udongo umeinuka upande mmoja na mti umeanza kuinama. Usingoje upepo.

Usimwite kijana yeyote mwenye shoka. Tafuta fundi mwenye uzoefu, na umuulize chifu au afisa wa misitu kama kibali kinahitajika. Mti ukiwa karibu na nyaya za stima, asiuguse mtu. Wajulishe Kenya Power kwanza.

Pasipo na nafasi, mti hauangushwi mzima. Fundi huanza na matawi, kisha shina kipande kwa kipande, akivishusha kwa kamba. Lakini mti uliooza unaweza kuvunjika naye akiwa juu, kwa hiyo mwonyeshe kila dalili uliyoiona.

Sasa kazi yako, mama. Zima moto jikoni. Toa kila mtu nyumbani, hata nyanya aliye kitandani na mtoto aliyelala. Simameni mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti: mti wa mita 10, nyinyi mita 20. Mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, kuwahesabu watoto. Watoto hukimbilia kuni na matunda fundi akiwa bado juu. Asisogee mtu mpaka fundi aseme amemaliza.

Je, mtu akiumia? Tazama juu kwanza, pengine kuna tawi linaloning'inia. Damu ikitoka, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia. Aliyeumia shingo au mgongo asikalishwe wala kuvutwa, ila kama yuko hatarini pale alipo. Piga 999 au 112, au tafuta gari. Aliyegongwa kichwani apelekwe hospitali, hata akisema ni mzima. Akianza kutapika au kusinzia, msikawie hata kidogo.

Ukiwa na swali, muulize muuguzi kwenye zahanati iliyo karibu nawe.