Shemasi Jones na Watoro wa Rabai

Akina mama, akina baba, wanakamati wa Diani na Msambweni, leo nataka tujifunze kwa jirani zetu Waanglikana.

Misheni ya Rabai, nyuma ya Mombasa, ilianzishwa na Krapf mwaka 1846. Lakini miaka ya 1880 aliyewalea waumini pale ni Mwafrika, William Jones. Mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa Nasik kule India. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi.

Watumwa watoro walipokimbilia Rabai, Jones hakuwafukuza. Walijenga, wakalima, wakasali. Mwaka 1888 mabwana wao wakaja juu, wakiwadai. Mwishowe Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza, alilipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 katika misheni za pwani wakapata hati za uhuru.

Basi ndugu zangu, fedha ilitoka kwa kampuni, lakini mlango ulifunguliwa mapema na shemasi.

Kwetu Kwale pia wako wanaokimbia: msichana anayeozwa mapema, mtumishi wa nyumbani anayepigwa. Akipiga hodi kigangoni usiku, tusimwulize dini. Tumpe maji na pa kulala, asubuhi tuandamane naye hadi kwa chifu na ofisi ya watoto.