Kati ya Maziwa Mawili

Watu wa mbali huota kukaa penye maziwa na milima. Sisi wa Majengo twakaa papo hapo, na twaota kuhama. Magharibi liko Tanganyika, ambalo kina chake chafika karibu mita 1,470. Mashariki, chini kabisa bondeni, liko Rukwa, ziwa la magadi lisilo na mto wa kutokea. Mapadre Weupe walioipokea Karema mwaka 1885 walianzia ufuoni; huku juu walipanda baadaye.

Babu zetu walilima Ufipa usio na miti kwa matuta ya mviringo, wakifukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea. Hao walijua kukaa. Nasi je? Msitu wa Mbizi, utupao vijito, twaukata kwa kuni na mkaa, na udongo ulioachwa wazi huchukuliwa na mvua hata Rukwa. Twasema kwa aibu, maana jikoni kwetu pia mkaa huo unawaka.

Basi walimu, wapandisheni watoto Mbizi mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Wahesabu vijito vinavyotiririka bado, waandike. Na mwakani wahesabu tena.